Upande wa Wagonjwa

Kulthum binti Sleiman, Makunduchi, na shangazi yake Bi Sheikha binti Zahor, Mjini Unguja. Mwaka 1316 wa Hijra (1898–1899)

Makunduchi, 9 Rajab 1316

Kwa shangazi yangu aliyenilea, Bi Sheikha binti Zahor, Mwenyezi Mungu akuzidishie afya na akupe usingizi mwema. Shikamoo, na baada ya shikamoo nakubusu mikono yote miwili.

Sisi huku wazima. Mume wangu Mwalim Muhiddin anakusalimu sana. Chuo chake cha Kurani kimejaa mpaka wengine wanakaa nje ya baraza, na mimi nawasomesha watoto wa kike uani kwangu. Mdogo wao anaitwa Time, ana miaka saba. Ameshafika sura ya Alam nashrah, naye huisoma kwa kelele hata kuku wanakimbia. Mama zao bado wanacheka nnavyosema. Kiswahili changu cha mjini wanakiona cha kujidai, na chao mimi nakifahamu nusu, nusu nyengine naitikia tu kwa adabu.

Tende zimefika, hazikuharibika hata moja. Na mwanao Shemsa je? Mwambie binamu yake anamwombea ajifungue salama.

Shangazi, nataka kuja mjini. Usidhani kuna ugomvi, Mwalim hajanikosea hata neno. Nataka tu kukaa kwako mwezi au miwili, nimsaidie Shemsa akijifungua. Ukimwandikia Mwalim wewe mwenyewe, ataniruhusu mara moja.

Upande wa pwani kuna nyumba imezibwa mlango kwa makuti makavu, na watu hawapiti tena njia ile. Sina zaidi. Nijibu upesi.

Mwanao, Kulthum


Mjini, 25 Rajab 1316

Mwanangu Kulthum, marahaba, marahaba sana. Mikono uliyoibusu nakuwekea kichwani, Mungu akukinge mbele na nyuma.

Mvua za vuli zimetoboa dari ya ukumbi, tunakinga maji kwa masufuria. Shemsa tumbo limemshuka lakini bado. Anakula udongo wa kichuguu kwa siri, anadhani sioni. Jirani zetu wote wanakusalimu.

Sasa nije kwenye makuti. Umejaza ukurasa mzima na neno lenyewe hukulitia. Ni ndui. Ingekuwa homa au tumbo la kuendesha ungeitaja.

Chumba chako kipo, na moyo wangu unataka nikuandikie njoo leo. Sikuandikii hivyo. Tumefundishwa sote wawili: nchi ikiingiwa na maradhi kama hayo, aliyemo asitoke, na aliye nje asiingie. Nami nnajua kwamba unachokikimbia si kufa. Ndui haimkamati mtu mara mbili, na wewe ulishaipata una miaka sita. Unakimbia usije ukawatazama wale watu ukajiona mwenyewe.

Sikupata kukuhadithia sawasawa, maana ulikuwa ukilia kila ikitajwa. Ulipougua, mama yako alikuwa keshazikwa kwa maradhi hayohayo, na baba yako, kaka yangu Sleiman, yuko Pemba. Mimi nlikuwa na Shemsa kifuani, nikakatazwa kuvuka kizingiti cha chumba chako. Aliyekuchukua ni Mize, Mungu amrehemu. Alikuwa akipika nyumba ya pili, mtu wa bara, hana nasaba nasi wala hakuna aliyemtuma. Alikuja mlangoni akasema, "Bi Sheikha, mimi nshaugua. Nipe mtoto." Akakubeba mpaka kibandani Mpendae, na Mpendae siku hizo ni vichaka vitupu, akakaa nawe mpaka magamba ya mwisho yakaanguka.

Baadaye nlimuuliza kama hakuogopa. Akanambia, "Niliogopa mno, Bibi. Nikimnywesha maji mkono unatetemeka, maji yanamwagika. Lakini mengine yalikuwa yakiingia."

Na kabla ya Mize yuko Bi Hajar. Alipoachwa na mtoto mchanga katika bonde lisilo na maji, alimuuliza Nabii Ibrahim, "Mwenyezi Mungu ndiye aliyekuamrisha haya?" Akamjibu naam. Akasema, "Basi hatatupoteza." Watu wengi huhadithia mpaka hapo, wakaona imani ndiyo hiyo. Mimi napenda kinachofuata. Maji yalipomwishia hakukaa kitako. Alikimbia baina ya vilima viwili, akaenda akarudi, akaenda akarudi, hofu anayo na mtoto analia. Imani yake ilikuwa na miguu.

Sikuamrishi kitu. Sali rakaa mbili, zungumza na mumeo, kisha utajua.

Shangazi yako, Sheikha


Makunduchi, 20 Ramadhani 1316

Shangazi yangu, shikamoo, na funga njema. Usishtuke kwa mwandiko huu. Mimi nimesimama upande wa wagonjwa, nasema kwa sauti, na Sheha Jecha, mkubwa wa mji wetu huu, amekaa upande wa pili wa ukuta wa mawe anaandika. Karatasi haikuguswa na mkono wangu, basi ipokee bila ya wasiwasi.

Siku ilipofika barua yako, Time hakuja kusoma. Nlipokwenda kwao nilimkuta mama yake uwanjani na mtoto mchanga mgongoni, anapiga kelele, na watu wamemshika asikimbilie vibandani. Time alikuwa keshapelekwa. Vibanda wamevijenga huku maweni, ng'ambo ya ukuta, na aliyetiwa humo huwekewa chakula ukutani, mwenye nguvu ajikokote akichukue. Asiye na nguvu hana wa kumchukulia.

Nilikwenda kwa Sheha, yuko barazani na wazee wenziwe. Nikamwambia, "Sheha, nataka kuvuka."

Akanambia, "Rudi nyumbani, mwanamke wa mjini. Wewe ndui huijui."

(Anasema hakusema hivyo. Alisema.)

Tangu niolewe huku, sijapata kutoka nje bila ya upindo wa kanga usoni. Hata mama za wanafunzi wangu hawakuwahi kuniona sawasawa, wakidhani ndiyo haya za watu wa mjini. Nikauondoa upindo. Nikamwambia, "Nitazame, Sheha. Hii ndiyo ruhusa yangu."

Alinitazama, na wazee wote wakanitazama, na hakuna aliyegeuza uso kama nilivyokuwa nikiogopa miaka yote. Mzee mmoja akasema taratibu, "Huyu alipona." Hilo tu. Sheha akaondoka, akaniongoza mwenyewe mpaka ukutani.

Siku ya kwanza nilitapika nyuma ya kibanda. Kisha nikanawa, nikaingia. Nawalaza juu ya majani mabichi ya mgomba, maana mkeka unawanata ngozi. Nawapa dafu na uji mwepesi. Nimekumbuka ulivyokuwa ukinihadithia Bi Khadija: Mtume, rehema na amani zimshukie, alipomjia anatetemeka, alimfunika kwanza, maneno yakafuata. Basi nami nawafunika kwanza. Waliokufa tumewazika vizuri na tumewasalia. Time yu hai. Macho yamemvimba hayafunguki, lakini jana alisoma Alam nashrah yote kwa sauti ya kunong'ona, na kibanda kizima kikanyamaza kumsikiliza.

Shangazi, ugonjwa huu utafika mjini. Nasikia huko kuna chanjo. Nenda ukachanjwe, wewe na Shemsa. Nijibu juu ya hili, tafadhali.

Mwanao, Kulthum

Nami niandikae, Jecha, nakusalimu, Bibi. Maneno yote ni yake isipokuwa haya: huku tunamwombea kila sala.


Mjini, 28 Ramadhani 1316

Mwanangu, Mungu akutie nguvu. Nimeisoma barua yako mara nyingi hata Shemsa ameninyang'anya, anasema nitaichana.

Shemsa amejifungua mtoto wa kike, tumemwita Bahiya kwa jina la bibi yako. Ana nywele nyingi na hasira. Dari imetengenezwa. Nguo za Idd nimekushonea na nitazituma kwa yeyote atakayekuja huko.

Sasa nikuulize. Umemtaja Time, na mama yake, na Sheha na wazee wenziwe. Mumeo hukumtaja popote. Na kwa nini Sheha ndiye aandike, na hali mwandishi mzuri kuliko wote wa kusini unaye nyumbani kwako? Niambie, Kulthum. Lolote liwalo niambie.

Shangazi yako, Sheikha


Makunduchi, 14 Mfunguo Mosi 1316

Shangazi yangu mpenzi, shikamoo. Safari hii mkono ni wangu mwenyewe. Vibanda vimechomwa moto, nguo zetu zimechomwa, tumeoga na kuoga tena, na juzi Sheha amesema ukuta uko wazi. Mpokee Bahiya kwa niaba yangu, mbusu penye hasira zake.

Nguo za Idd zimefika baada ya Idd, na nimezivaa hivyo hivyo.

Umeniuliza juu ya Mwalim. Nlipovuka, yeye ndiye aliyekuwa akituletea mitungi ya maji ukutani, asubuhi na jioni. Baada ya alasiri hukaa upande wake akasoma Yasini ili wagonjwa waisikie. Mwezi wa Ramadhani ulipoandama, siku moja maji hayakuja. Mchana nikamwona anakuja polepole, amejitanda shuka, macho mekundu. Hakusimama upande wake. Alipanda ukuta akashuka huku kwetu, akasema, "Kulthum, nafasi ipo?"

Nikamwambia, "Ipo." Nikamtandikia majani ya mgomba.

Wakati Sheha akiniandikia ile barua, Mwalim alikuwa amelala nyuma yangu, ananisikia kila neno, nami sijui kama ataiona kesho. Nisingeweza kulitamka kwa sauti. Nlihisi nikilitamka nitaanguka, na nikianguka mimi, wale wengine nani atawainua?

Amepona, Shangazi. Alhamdulillahi. Jicho la kushoto halioni tena. Anasema la kulia linatosha kumwona mwanafunzi mvivu. Anacheka, na mimi nikimwona anacheka natoka nje nikalie, kisha narudi. Siku zile ndizo nlizomfahamu Mize. Mkono wangu ulikuwa ukitetemeka, na maji yakimwagika kidevuni mwake, na mengine yakiingia.

Time naye amerudi kwao. Uso wake umekuwa kama wangu.

Sasa ni zamu yangu kukuuliza. Nlikuomba ujibu jambo moja. Umenijibu mtoto, dari na nguo, na chanjo kimya. Nakijua kimya hicho, ndicho nlichokitumia mimi kwenye makuti. Unaogopa? Sikulaumu. Lakini nimewaambia wanawake wa huku kwamba kuna dawa ya kuuzuia ugonjwa huu usirudi, nao hawataki. Wanasema mtu hutiwa ndui yenyewe mkononi kwa kisu. Wakaniuliza, "Huyo shangazi yako unayemsifu, amechanjwa?"

Niwajibu nini?

Mwanao, Kulthum


Mjini, 6 Mfunguo Pili 1316

Kulthum, mwanangu, marahaba. Bahiya hajambo, Shemsa hajambo. Mpe Mwalim pole zangu na umwambie nimemsomea khitima ya shukurani, na walioisoma walikuwa wengi hata ngazi imejaa viatu.

Naam, nlikuwa nikiogopa. Nilimwona mama yako akifa, na nilikuona wewe ukitolewa umefunikwa shuka. Tangu hapo nikilisikia tu jina la ndui huziba masikio. Kwenda kwa hiari yangu nikatiwa hata tone lake, nlihisi ni kama kumfungulia mwizi mlango. Nilikuhadithia wewe Bi Hajar mwenye kukimbia, na mimi kitako ukumbini.

Barua yako iliponifikia sikuilalia. Nikajitanda shela, nikatoka kwenda kuchanjwa. Nikafika penye msikiti wa mtaa, nikarudi. Asubuhi yake nikatoka tena, nikafika mbali zaidi, nikarudi vilevile. Shemsa akanitazama nikivua viatu akasema, "Mama, ukienda wewe, na mimi nakwenda. Ukikaa, nakaa." Akamweka Bahiya mapajani mwangu. Mtoto akanikamata kidole akakivuta kama anayetaka kunisimamisha.

Nikamwambia, "Vaa."

Mchanjaji ni kijana wa Kihindi mwenye miwani na sauti ya upole. Palikuwa na wanawake wengine wamesimama ukutani, kila mmoja anamsukuma mwenziwe mbele. Nikakaa kitini. Nilisema bismillahi na nikakunja mkono wa kanzu. Alipokishika kile kisu nikamwambia, "Ngoja." Akangoja. Nikayakumbuka yale uliyoniandikia, ulivyouondoa upindo wa kanga mbele ya wazee. Nikamwambia, "Haya, mwanangu, chanja."

Inauma kama mwiba wa mndimu, haizidi. Nilipata homa siku mbili na mkono ukavimba, kisha likafanya gamba likaanguka. Kovu limebaki dogo. Waambie hayo yote, usiwafiche homa wala uvimbe. Shemsa alichanjwa baada yangu, na Bahiya wameniambia nimlete akitimiza miezi mitatu.

Nlipoinuka pale kitini, mwanamke wa mbele pale ukutani akanifunua mkono, akautazama, kisha akakaa yeye. Wiki ile nyumba yangu haikukauka watu. Nakaa ukumbini mkono wazi, wanakuja, wanauliza, wanakwenda. Halafu tukakusanyika wanawake wa mtaa mzima, tukampelekea daktari mkuu ujumbe kwamba kusini kuna watu waliokwisha zika vya kutosha. Amekubali. Mchanjaji anakuja huko, na barua hii ndiye anayeichukua. Mpeni chakula kizuri, ni mwembamba.

Chumba chako bado kipo, ukikitaka.

Shangazi yako, Sheikha


Makunduchi, 16 Mfunguo Tatu 1316

Shangazi yangu, shikamoo, na Idd iliyopita ikuletee heri. Tulichinja mbuzi, na Sheha Jecha ametuletea pweza mkubwa ambaye mpaka leo tunamla. Mwalim amerudi chuoni.

Mchanjaji alifika amechoka na punda wake amechoka zaidi. Mama yake Time alikuwa amewakusanya wanawake uani kwangu, lakini kukusanyika ni jambo moja na kutoa mkono ni jengine. Wameketi, kila mmoja amejikunyata ndani ya kanga yake. Nikawasomea barua yako.

Nlipofika ulipotoka ukafika penye msikiti ukarudi, mama yake Time akanikata. "Alirudi?"

"Alirudi."

"Mwanamke wa mjini, mtu mzima?"

"Na asubuhi yake akarudi tena."

Mmoja akaanza kucheka, na uwanja wote ukaangua kicheko. Hawakuwa wakikucheka kwa ubaya, Shangazi. Walicheka kama mtu aliyetuliwa mzigo. Mama yake Time akainuka akasema, "Basi kama yeye aliogopa hivyo, na mimi naweza." Akakaa mbele ya mchanjaji na mtoto wake mapajani. Waliomfuata walijaa mpaka jua likageuka, na kesho yake wanaume wakaona aibu, wakaja.

Time amerudi kusoma. Siku ya kwanza watoto walimtazama usoni, naye akainama chini. Sikuwakaripia. Nlikwenda nikakaa karibu yake, kwani siku hizi na mimi nakaa uso wazi, tukasoma sote wawili, na baada ya kidogo wale wengine wakachoka kututazama. Jioni aliniuliza kama nilikuwa mzuri kabla ya kuugua. Nikamwambia sikumbuki. Akafikiri, akasema, "Basi na mimi nitasahau." Sijui kama atasahau. Lakini amehitimu juzuu yake ya kwanza, na anaisoma kwa kelele zilezile.

Kuhusu chumba, mpe Bahiya. Mimi nipo huku.

Na sasa nikwambie kilichonifanya niandike kwa haraka. Jana amekuja mjumbe kutoka Jambiani. Kuna nyumba huko zimezibwa milango, na mchanjaji amekwenda jana ileile kwa wale wazima. Lakini wagonjwa hawana mtu. Sheha akamwambia mjumbe, "Sisi tunao watu." Akatuita, sisi tuliokwisha kuugua. Tuko wanawake watano, na Mwalim anakuja kwa ajili ya wanaume. Wale wanne wenzangu mimi nliwanywesha maji kwa mkono wangu, na asubuhi hii wamekuja wao kunigongea, wamejitwisha majani ya mgomba na mitungi.

Mmoja ameniuliza atafanya nini akiogopa. Nikamwambia utaogopa, na utafanya.

Hofu ninayo, Shangazi. Niombee, na umwambie Shemsa aniombee, na mtoto naye mwinueni mikono. Wananiita mlangoni. Nimeshawaitika naam.

Mwanao, Kulthum